Gingery akifika Msuka: kipi ujitengenezee, kipi ununue

Mtu yeyote anayetamani karakana ya chuma bila kuwa na hela atatajiwa mapema vitabu vya David J. Gingery. Ni Mmarekani wa Missouri aliyeanza kuvitoa mwaka 1980, juzuu saba kwa jumla: tanuri la makaa, mashine ya kukereza, shepa, mashine ya milingi, mashine ya kutobolea, kisha juzuu ya 6 yenye kichwa cha kugawia duara na vifaa vya ziada, na mwisho mashine ya kukunjia bati. Ahadi yake ni tamu. Okota alumini chakavu, iyeyushe kwa makaa, imimine kwenye mchanga, ikwaruze mpaka iwe bapa, na kila mashine unayoimaliza ikusaidie kuunda inayofuata.

Tumevirudia vitabu hivi tukiwa na swali moja. Wewe uko Msuka, kaskazini kabisa mwa Pemba, na umepata CNC ndogo ya mezani, tuseme aina ya 3018, yaani eneo la kazi la sentimita 30 kwa 18. Inaendeshwa na programu ya GRBL, ambayo ni ya bure. Mashine yenyewe si ghali sana. Kinachokula hela ni vitu vinavyoizunguka: biti, koleti, jiriwa, vibanio, vipimo. Je, Gingery atakuokolea hela? Jibu letu ni kwamba ana haki nusu, na ile nusu nyingine ukimfuata kichwa kichwa utamaliza akiba yako kwenye biti zilizovunjika.

Tuanze na alipo sahihi. Kila kitu ambacho kazi yake ni kushika tu, usikinunue. Fundi wa mashua hahitaji Mmarekani kumweleza hili. Mtazame anavyokaza ubao: kabari mbili zimepishana, nyundo kidogo, ubao hauchezi tena. Kabari hizo hizo, zikichongwa kwa mfenesi mkavu na mteremko mdogo wa kama 1 kwa 8, zinakaza kipande juu ya meza ya CNC vizuri kuliko vile vibanio vya bati laini vinavyokuja na mashine. Zina faida nyingine: biti ikiparamia kabari ya mti kwa bahati mbaya, inakula mti na maisha yanaendelea. Ikiparamia kibanio cha chuma, kwaheri biti.

Chini ya kipande weka ubao wa kafara, ambao biti itaukwaruza badala ya kuikwaruza meza. Kipande chembamba kisichobanika pembeni kina dawa yake pia: bandika utepe wa karatasi wa wapaka rangi kwenye ubao na mwingine chini ya kipande, tia supaglu katikati, gandamiza. Inashika vizuri na inabanduka bila kuacha gundi kwenye kazi. Na kwa kuwa mashine yenyewe inachonga, ipe kazi ya kwanza ya kujichongea vibanio na vituo vyake vya kuegemezea. Hapa roho ya Gingery ya mashine kuzaa mashine inafanya kazi barabara, tena kwa haraka kuliko alivyoiandika.

Lakini tanuri? Hapa tunatofautiana naye, na tunatofautiana sana. Gingery anayachukulia makaa kama kitu rahisi tu cha kununua. Ukiwa Msuka, jirani yako ni Ngezi, kipande kikubwa kilichobaki cha msitu wa asili wa Pemba, na huko ndiko wanakolala baadhi ya popo wa Pemba ambao hawapatikani popote pengine duniani. Gunia la makaa lina bei yake dukani na bei nyingine msituni, na kitabu kinahesabu ile ya kwanza tu. Makaa ya vifuu vya nazi yanawaka vizuri na yangefaa zaidi. Hata hivyo, swali la kujiuliza kwanza ni kama unahitaji kuyeyusha alumini, ambayo inayeyuka nyuzi 660 za Selsiasi na inaripuka ikimiminwa penye unyevu. Kwa mashine ya mezani isiyo na nguvu ya kuchonga chuma kizito, jibu huwa ni hapana.

Unayo malighafi nyepesi zaidi. Madumu mengi ya mafuta ya kupikia ni plastiki ya HDPE, inayolainika kwa joto la kiasi cha nyuzi 130. Ikatekate, iyayushe, igandamize kwenye fremu ya mti, upate bao la kuchongea vibanio, magurudumu na vishikio. Lamu walikwenda mbali zaidi: jahazi la Flipflopi, la mita 9, liliundwa kwa plastiki taka kwa ufundi ule ule wa jahazi za mbao, likazinduliwa 2018 na kusafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019. Basi ukiambiwa plastiki si malighafi ya fundi wa kweli, cheka tu.

Sasa twende kwenye makali, ambako ndiko hela zinakopotelea.

Mafundi wetu wa zamani walitumia keke, ile keekee ya uta. Ncha yake fundi aliweza kuinoa mwenyewe kwa tupa, na ikiwa imeegemea upande mmoja kidogo hakuna aliyejali, maana inazunguka polepole na mkono unaisikia. CNC ndogo inazungusha biti mara 10,000 kwa dakika na haisikii kitu. Piga hesabu: biti ina meno mawili, nayo inasogea milimita 600 kwa dakika. Gawa 600 kwa 20,000, kila jino linakata milimita 0.03. Sasa chukulia biti haikukaa katikati, na ukiipima inayumba kwa jumla milimita 0.03, chini ya nusu ya unene wa unywele. Jino moja litakata 0.06 na lenzake litapita bila kugusa chochote. Umelipia meno mawili, unatumia moja, na hilo moja linabeba mzigo mara mbili. Biti nyembamba ikivunjika namna hiyo, mtu anailaumu biti, anaagiza nyingine, nayo inavunjika vile vile.

Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye koleti nzuri na kishikio chake. Koleti za ER11 zinashika kuanzia milimita 0.5 hadi 7, na mbili tu zitakutosha kwa muda mrefu. Jihadhari na vishikio vinavyokazwa kwenye mota kwa skrubu za pembeni, kwa sababu skrubu ikikaza inasukuma kishikio upande wa pili, na kuyumba kumeanzia hapo hapo. Kabla hujanunua chochote, fungua koleti uifute. Punje moja ya unga wa mti ndani yake inatosha kuharibu yote tuliyosema.

Kuna jambo jingine lisilogharimu hata senti. Biti ikitokeza nje ya koleti mara mbili ya urefu, inapinda mara nane. Si mara mbili, nane. Ndiyo hesabu ya kila ufito ulioshikwa upande mmoja. Ukiipunguza kutoka milimita 24 hadi 12, umeifanya mashine yako dhaifu iwe na biti ngumu mara nane, bure. Nasi hatuelewi kwa nini ushauri huu hautangulii mbele ya kila orodha ya vifaa vya kununua.

Ushauri ambao hutangulia ni ule wa kununua seti ya biti 30 kwa bei ya kutupa. Tunaupinga. Fungua seti hiyo: utatumia biti tatu, zile ishirini na saba zitapata kutu kwa hewa ya bahari, na siku moja kati ya zile tatu ikivunjika hutakuwa na ya pili. Anayeandika ushauri huo ana duka mtaani au mzigo unaofika kesho. Wewe biti yako inavuka bahari mara moja au mbili kabla ya kufika Wete, kisha ipande gari mpaka Msuka. Hesabu siku mashine iliyolala, wateja wanaosubiri, nauli ya kufuata kipande chenye uzito wa kijiti cha kibiriti. Afadhali biti nne za aina moja, milimita 3, jino moja, kuliko thelathini za kila sura.

Kwa nini jino moja? Halina mwenzake wa kulitupia kazi, kwa hiyo kuyumba hakuliumizi sana. Na plastiki inapata nafasi ya kutoka kabla haijayeyuka na kuganda kwenye biti. Na hapa, ajabu, Gingery anarudi mlangoni. Biti ya jino moja unaweza kujitengenezea. Chukua fimbo duara ya HSS, isage mpaka ibaki nusu ya unene wake, kisha uondoe kidogo mgongoni mwa makali ili isisugue. Kwa mti na plastiki inakata. HSS inakubali jiwe la kawaida la umeme. Kabaidi haikubali: inataka jiwe la almasi, na vumbi lake lina kobalti, si la kuvuta. Wauzaji wanasifu kabaidi kwa ugumu, na ni kweli ni ngumu, lakini mahali ambapo huwezi kuinoa, ikishabutuka imekwisha.

Usije ukadhani kwamba utazitunza biti hizi kwa kwenda polepole. Hili linasemwa sana na ni kosa. Ukipunguza mwendo hadi milimita 100 kwa dakika na kuiacha mota kwenye kasi yake, biti ya meno mawili itapewa milimita 0.005 kwa kila jino. Makali hayawezi kung'ata kitu chembamba hivyo, yanasugua tu, yanapata moto, yanabutuka. Punguza kina cha mkato, mwendo uache.

Tukija kwenye juzuu ya 6, ile ya vifaa vya ziada, ni kitabu kizuri kusoma jioni, ila kwa mwenye CNC ndicho kisicho na haraka kuliko vyote. Kichwa cha kugawia duara ni chombo cha werevu mkubwa. Kinagawa mzunguko sehemu sawa ili uchonge gia jino baada ya jino. Lakini ukitaka matundu saba kwenye duara, kompyuta yako inapiga hesabu kabla hujamaliza kuvuta kiti. Gia bapa ya plastiki inakatwa kwa kufuata mstari wake tu. Wiki ulizokuwa uzitumie kukwaruza alumini, zitumie kwenye kitu ambacho Gingery hakukihitaji, kwani mashine zake hazikuongozwa na kompyuta: swichi za kikomo.

Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na maisha yamebadilika kweli. Hata hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi ya saa tatu, mashine inasahau iko wapi. Ukiwa na swichi mwisho wa kila mhimili, unairudisha nyumbani, inajikuta, na unaendelea na kazi kuanzia mstari ilipokatikia. Bila swichi, unakisia kwa jicho, na kipande kile cha mfenesi kinakwenda jikoni. Swichi zenyewe ziko ndani ya mausi na printa mbovu, pamoja na fimbo nyoofu na hata mota za hatua. Mwaka 2013 kijana wa Lomé, Kodjo Afate Gnikou, aliunda printa nzima ya 3D kwa takataka za namna hiyo. Kwa hiyo ukisikia ofisi au skuli yoyote ya Konde au Micheweni inatupa printa, wahi wewe kabla ya mvua.