Mkasi Mmoja kwa Miti Miwili

Kazi ya waya kwenye mreteni wa onyesho la bonsai la juzi ilikuwa safi, na tawi la kwanza lilishushwa panapostahili. Lakini mzeituni pori uliofuata mezani uliponzwa, na aliyeuponza ni fundi mwenyewe.

Mlioangalia mliona. Alipoutoa mreteni chunguni, mizizi ya chini ilikuwa myeusi na laini, ganda likichomoka kwa kuvutwa tu na kubakiza uzi wa katikati. Aliyewahi kupoteza mti kwa kuoza mizizi anaijua sura hiyo. Akaikata mpaka kwenye mzizi mweupe, sawa kabisa. Hapo ndipo alipopaswa kusimama. Badala yake akapangusa mkasi kwenye aproni, akauvuta mzeituni, akaanza kuipunguza mizizi yake kwa makali yaleyale, tope la mreteni likiwa bado limeganda kwenye kiungo cha mkasi. Hata kijiti cha kuchokolea udongo kilikuwa kilekile. Nilingoja mtu anyooshe mkono. Hakunyoosha mtu.

Dalili zile ni za kimelea Phytophthora au nduguye Pythium. Hawa si kuvu, ingawa tumezoea kuwaita hivyo. Vimbegu vyao vina mikia na huogelea katika maji ya chungu vikitafuta mzizi, na kidonda kibichi ni mlango wazi kwao. Kinga yenyewe ni nyepesi: osha tope kwanza, maana dawa haipenyi uchafu, kisha paka spiriti ya asilimia 70 na ungoje nusu dakika. Asiye na spiriti atumie jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, asuuze na kupaka mafuta, la sivyo chuma kitaliwa na kutu.

Halafu ikaja kabendazimu, dawa ya kuvu, kwa miti yote miwili! Nimelipigia kelele jambo hili miaka nenda rudi: kabendazimu haiwagusi viumbe hawa. Dawa ya metalaksili huwazuia, lakini nayo haifufui mzizi uliokwisha kuoza. Na mreteni ule ulioza kwa sababu ulipandwa kwenye udongo mwekundu wa shambani, unaoshika maji kama sponji, ilhali pumisi ya Naivasha, inayopitisha maji, ipo.

John Naka, bingwa wa bonsai, hakufanya kazi namna hii. Miti kadhaa ya msitu wake wa bonsai, Goshin, ilipokufa kwa sababu maji hayakutoka vizuri, alirekebisha njia ya maji ndipo akapanda mingine. Na Japani ilipoipa Marekani bonsai 53, miti hiyo ilikaa karantini Maryland karibu mwaka mzima kabla ya kukabidhiwa rasmi Washington mwaka 1976. Miongoni mwake ulikuwamo msonobari wa familia ya Yamaki, uliolelewa chunguni tangu 1625 na kunusurika bomu la Hiroshima. Mti wenye heshima hiyo ulitengwa na kuchunguzwa bila mtu kuona ni usumbufu. Sisi tumeshindwa kutoa nusu dakika.

Mwenye mzeituni ule autenge na miti yake mingine, asiuweke juu ya sahani yenye maji, wala maji yanayotiririka chini yake yasifike kwenye chungu kingine. Majani yakilegea ilhali udongo umelowa, asiongeze maji. Autoe chunguni siku hiyohiyo, aikague mizizi, na aje na mkasi uliosafishwa.