Jinsi Voyager Ilivyopima Uga wa Sumaku kati ya Nyota

Butembo na Beni ziko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo saa mbili usiku mwezi wa Agosti zinatazamana na vyombo viwili vya anga za juu kwa pamoja. Voyager 1 iko karibu na utosi, upande wa kundinyota la Ophiuchus; Voyager 2 iko chini, upande wa kusini. Jicho haliwezi kuviona, lakini ndivyo pekee vilivyopima uga wa sumaku uliotanda kati ya nyota vikiwa ndani yake.

Uga huo ni dhaifu mno: takriban nanotesla 0.5, ilhali ule wa Dunia hapa Butembo unazidi 30,000. Sumaku ya chombo chenyewe ingetosha kuharibu vipimo. Kwa hiyo magnetometa mbili ziliwekwa kwenye mlingoti wa mita 13, moja nchani, nyingine karibu zaidi na chombo. Sumaku ya chombo hufifia kwa umbali, uga wa nje haufifii. Tofauti ya vihisi hivyo hufichua kinachotoka chomboni. Kisha chombo huzungushwa: uga wa nje hubadilika kwenye vihisi, kosa la kifaa hubaki vilevile, nalo huondolewa, kama mnunuzi wa kahawa anavyorudisha mizani kwenye sifuri kabla ya kupima gunia.

Tarehe 25 Agosti 2012, Voyager 1 ilipima uga ulioongezeka nguvu ghafla, na chembe zitokazo kwenye jua zikatoweka. Hata hivyo mwelekeo wa uga haukubadilika kama ilivyotarajiwa, na wanasayansi wakasita, kwa haki, kusema kwamba chombo kimevuka mpaka wa eneo linalotawaliwa na jua na kuingia kati ya nyota. Kifaa cha kupima plazima, yaani gesi ya chembe zenye chaji, ambacho kingeweza kuamua, kilikuwa kimeharibika tangu 1980. Jibu lilitoka kwa antena za chombo zinazonasa mawimbi ya plazima: Aprili 2013, mlipuko uliotoka kwenye jua mwaka uliotangulia ulitikisa plazima iliyokizunguka chombo, na masafa ya mtikisiko huo yakaonyesha elektroni kama 0.08 kwa kila sentimita ya ujazo, msongamano wa anga la kati ya nyota. Septemba 2013 NASA ilitangaza kwamba mpaka ulikwisha kuvukwa.

Voyager 2 ilivuka tarehe 5 Novemba 2018, kifaa chake cha plazima kikiwa kizima. Huko nako mwelekeo wa uga haukugeuka sana. Kilichokosewa basi ni matarajio, si magnetometa. Hilo ndilo ninalotaka wanafunzi wetu wa fizikia walishike: kipimo kinachopingana na nadharia kisitupwe wala kisishangiliwe, bali kitafutiwe shahidi wa pili asiyekitegemea.