Nani Hukata Roho? Uhakiki wa Lugha ya Maamuzi ya Mwisho wa Uhai

Mjadala juu ya kumsaidia mgonjwa afe umeingia katika Kiswahili kwa mlango wa tafsiri, na umeingia na viatu. Aghalabu maneno "kifo cha huruma", "kuua kwa huruma", "eutanasia" na "haki ya kufa" hutumiwa kana kwamba ni visawe. Si visawe. "Kifo cha huruma" hakina mtenda: kifo kinakuja, huruma imefuatana nacho, na hapana aliyetia mkono. "Kuua kwa huruma" kunamtaja muuaji, lakini kunanyamazia ombi la anayeuawa. Ama "haki ya kufa" ni kirai cha ajabu kidogo, kwa kuwa katika Kiswahili kufa hakujapata kuhitaji idhini ya mtu. Makala haya yanadai kwamba tatizo la kimaadili la maamuzi hayo, hususan kwa wasemaji wa Kiswahili wa Kongo ya mashariki, limejificha kwanza katika sarufi: nani ni kiima cha kitenzi, na ni wakati gani anaruhusiwa kuwa kiima.

Mofimu -ji- ni mahali pazuri pa kuanzia. Ajiuaye ni mtenda na mtendwa kwa pamoja, na mtu wa tatu hana nafasi. Kwa hiyo "kusaidia kujiua" kuna mgogoro ndani yake, kwani msaidizi akishaingia, -ji- huanza kulegea. Mgogoro huo si wa maneno matupu. Katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ya aina hii ilianza kutumika mwaka 1997, daktari huandika dawa na mgonjwa huinywa mwenyewe, -ji- imebaki. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 28 Mei 2002 inaeleza tendo la mtu mwingine anayeukatisha uhai wa mgonjwa kwa makusudi, kwa ombi la mgonjwa huyo, -ji- imeondoka. Kuacha tiba isiyofaa tena ni jambo la tatu, na kutuliza maumivu ni la nne. Mwenye kuyafunga yote manne katika furushi moja la "kifo cha huruma" ameshatoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi.

Lweba, kandokando ya Ziwa Tanganyika katika eneo la Fizi, Kivu ya Kusini, iko mbali na Oregon kwa kila kipimo. Huko Kiswahili, kilichovuka ziwa pamoja na misafara ya karne ya 19 kupitia Ujiji, huishi bega kwa bega na Kibembe. Hakuna sheria ya kumpa mgonjwa dawa ya kufia. Hata hivyo, maamuzi ya mwisho wa uhai hufanywa. Mgonjwa akishafikishwa Nundu au Baraka na hali isibadilike, ndugu hushauriana: apelekwe mbele, Uvira au Bukavu, au arudishwe? Nauli, bei ya dawa, usalama wa barabara na shamba lililoachwa bila mtu vyote huingia katika shauri hilo. Kisha husemwa kwamba mgonjwa "amerudishwa nyumbani".

Kauli hiyo ya kutendwa inastahili kusomwa kwa makini kama mstari wa ushairi. Amerudishwa na nani? Wenzake kitenzi hicho ni wa namna ileile: "amekatiwa tamaa", "ugonjwa umeshindikana", "tumemwachia Mungu". Katika tatu za mwanzo mtenda hakutajwa. Katika ya nne yupo, lakini ni "sisi" isiyo na majina. Sasa zitazamwe kauli za dakika ya mwisho yenyewe: "amekata roho", "ameaga dunia", "amefariki", kitenzi ambacho asili yake ya Kiarabu ni kuachana. Hapo anayekufa ni mtenda kamili. Anakata, anaaga, anaachana. Hiki ndicho kinyume kinachopaswa kuushughulisha uhakiki: lugha humpa mgonjwa kitenzi wakati hawezi tena kutenda lolote, na humnyang'anya wakati bado ana sauti ya kusema "nipelekeni" au "niacheni".

Yamkini mtu atajibu kwamba Kiswahili kina "kufiwa", na kwamba neno hilo linatosha kuonyesha kuwa kifo cha mmoja ni tukio la wengi. Ni kweli, na ni hoja nzito dhidi ya wale wanaodhani kwamba uamuzi wa kufa unaweza kuwa mali ya mtu binafsi kama saa ya mkononi. Watakaofiwa wana neno. Lakini neno lao lisiwe lote. Wafiwa watarajiwa ndio hao hao wanaolipa, wanaochoka na wanaomficha mgonjwa jina la ugonjwa wake kwa nia njema. Upendo wao haukanushwi hapa. Kinachohojiwa ni desturi ya kuuhesabu kuwa ni idhini ya mgonjwa.

Sheria haisaidii sana kulifumbua jambo hili. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, yenye asili katika dekreti ya Kibelgiji ya tarehe 30 Januari 1940, humtazama anayemuua mtu kwa ombi lake kama muuaji; mageuzi ya Ubelgiji ya 2002 yalikuja miaka 42 baada ya uhuru wa Kongo na hayakuvuka bahari. Nchini Kenya kifungu cha 225 kinamtisha anayemsaidia mwingine kujiua kwa kifungo cha maisha, ilhali kifungu cha 226, kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua, kilitangazwa na Mahakama Kuu tarehe 9 Januari 2025 kuwa kinyume cha Katiba. Zote hizo ni sheria za tendo. Juu ya "amerudishwa" hazina la kusema.

Fasihi nayo imekwenda upande mwingine. Rosa wa *Rosa Mistika* (1971) na Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974), wote wa Euphrase Kezilahabi, hujiua, na wahakiki wamejaza kurasa juu ya udhanaishi. Swali lao ni maana ya maisha, si tiba ipi iendelee na ipi ikome. Kwa jambo letu, kielelezo bora zaidi ni cha zamani: utendi ambao Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga yapata mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake. Umesomwa sana kama mafunzo ya ndoa, na wengine wameukemea kwa hayo. Jambo ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni kwamba ni mgonjwa anayesema, anayeagiza, na anayesikilizwa. Wosia, basi, ni taasisi ya Kiswahili ambamo aliye karibu na kifo ndiye kiima. Kwa kawaida hugusa mali, watoto na mazishi. Hakuna kanuni ya lugha inayouzuia kugusa tiba.

Hapana budi kuongeza jambo la maumivu, maana ombi la kufa hutegemea sana yanavyotulizwa. Uganda ilionyesha njia: Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, mofini ya maji ikawa dawa ya kunywewa nyumbani, na tangu 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Pale ambapo dawa hiyo haipatikani, mgonjwa anayesema "bora nife" huenda anaomba mofini kwa jina lingine. Kumjibu kwa hotuba juu ya haki ya kufa, au juu ya dhambi, ni kutomsikia.

Suala hili limekwisha kuvuka mipaka ya Fizi. Vita vya 1996 viliwapeleka wengi wa watu wa pwani hiyo Nyarugusu, mkoani Kigoma, na kutoka huko baadhi yao walihamishiwa Marekani na Kanada. Katika hospitali za huko daktari humgeukia mkalimani na kutaka mgonjwa mwenyewe aulizwe: moyo ukisimama, ushtuliwe? Mashine ya kupumua iendelee? Mkalimani aliyezoea "amerudishwa" na "tumemwachia Mungu" humgeukia mtoto wa kwanza wa mzee, naye hujibu kwa "sisi". Fomu ina nafasi ya saini moja tu, na mzee, ambaye bado anasikia, ametazama dirishani.