Tangi la Mirai

Mtu akitajiwa gari liendalo kwa haidrojeni, aghalabu fikira zake huikimbilia Hindenburg, ile merikebu ya angani iliyoteketea huko Lakehurst, Marekani, tarehe 6 Mei 1937, akaona kwamba kuketi karibu na tangi la gesi hiyo ni sawa na kulalia baruti. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, maana haidrojeni hushika moto ikichanganyika na hewa kwa kadiri yo yote baina ya sehemu 4 na 75 katika mia, na cheche dhaifu isiyoweza kuwasha petroli huitosha. Lakini nikiitazama Mirai, gari ambalo Toyota ililitoa kwa wanunuzi wa Japani mwezi wa Desemba 2014, naona wahandisi wake walifaulu pale pale walipodhaniwa watashindwa, na wakakwama mahali ambapo watu wachache walipaogopa.

Taabu ya kwanza ni wepesi wenyewe. Kilo moja ya haidrojeni ina nishati karibu mara tatu ya kilo ya petroli, ila ikiachwa huru hujaza zaidi ya lita 11,000, kwa hiyo haina budi kushindiliwa kwa shinikizo mara 700 hivi ya lile la hewa tuivutayo. Chuma hakikufaa, kwa kuwa ni kizito na, fauka ya hayo, haidrojeni hupenya ndani ya aina nyingi za chuma ikazifanya ziwe kavu na rahisi kupasuka. Basi wakafanya ganda la plastiki la kuzuia gesi isivuje, wakalizungushia nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, nazo ndizo zibebazo shinikizo lote, kisha wakalivisha nyuzi za kioo juu yake ili lisidhurike kwa mikwaruzo na vishindo. Matangi mawili ya Mirai ya kwanza yalikuwa na uzito wa kilo 87 na nusu, nayo yalichukua kilo 5 tu za gesi: chungu kizito kuliko uji wake mara kumi na saba!

Na moto je? Kila tangi lina vali inayofunguka yenyewe joto likikaribia nyuzi 110, ikaitoa gesi kabla tangi halijadhoofika. Nayo gesi, kwa wepesi wake, hupaa, haitandazi dimbwi la moto chini ya gari kama ifanyavyo petroli. Betri ya lithiamu ya gari la umeme haina mlango wa namna hiyo: seli moja ikichemka huambukiza jirani yake, na moto uliodhaniwa umezimwa huweza kurudi baada ya saa nyingi, pengine siku. Kwa hiyo sioni kwamba tangi ni hatari kuliko betri, ila katika banda lililozibwa, ambamo gesi iliyovuja hujikusanya darini.

Hatari ilihamia kwenye kituo cha kujazia gesi. Tarehe 10 Juni 2019, huko Kjørbo, Norwei, bolti za tangi la akiba la kituo zilikuwa hazijakazwa sawasawa. Gesi ikavuja, ikalipuka, na kishindo kikafungua mifuko ya hewa ya magari yaliyokuwa jirani.

Mwenye Mirai hujaza kwa dakika kama 5, jambo ambalo mwenye betri hulitamani. Lakini mtungi wa duara haukubali kubanwa ukawa bapa chini ya sakafu kama betri, na umeme unaotumika kuyapasua maji, kuishindilia gesi, kuipoza, kisha kuirudisha iwe umeme tena ndani ya gari, hufika magurudumuni theluthi moja hivi, hali betri hufikisha zaidi ya theluthi mbili. Hasara hiyo hulipwa na mnunuzi wa gesi, na wanunuzi wakiwa wachache kituo hakijilipi. Mwaka 2024 kampuni ya Shell ilivifunga vituo vyake vya haidrojeni vya magari madogo huko California, na matangi ya Mirai yaliyovitegemea yalikuwa bado mazima.