Nani Kasema Lazima Tuone Picha?

Siku hizi ukimpa mwenzio mswada akusomee, anakurudishia na hukumu moja: "Sioni picha." Basi, mswada umekufa! Utadhani vichwa vyetu vyote ni majumba ya sinema.

Hebu msomaji, simama hapa Kanazi uwatajie watu watatu neno "utawala". Mmoja ataiona nyumba ya Omukama Kahigi, na kuta zake. Wa pili atasikia ngoma, wala si ajabu, maana kwa Kihaya engoma ni ngoma na ni utawala vilevile. Wa tatu haoni wala hasikii kitu, ila ameelewa, kama mtu anavyojua mlango ulipo gizani. Huyu sio mgonjwa. Mwingereza Francis Galton aliwataka wanasayansi, mwaka 1880, waivute akilini meza yao ya chai ya asubuhi. Wengi wakamjibu hawaoni kitu. Mwaka 2015 daktari Adam Zeman na wenzake wakaipa hali hiyo jina, afantasia.

Tuje kwenye vitabu, ndiko ugomvi wangu uliko. Ng'ambo ya ziwa letu, Ukerewe, walitoka Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi. Katika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokiandika kwa Kikerewe mwaka 1945 kikaja kutoka kwa Kiswahili 1980, Kitereza hakwambii mapenzi ni nini. Anakuonyesha mume ambaye ndoa yake haina mtoto, wakwe wamemchukua binti yao, naye anahangaikia pombe ya ndizi aliyotozwa ili arudishiwe mke. Sisi tuliokulia migombani tunaiona pombe ile hadi povu. Raha tupu!

Halafu shika Mzingile ya Kezilahabi, ya 1991. Nimewasikia watu wakidai eti mzee alipotea njia baada ya Rosa Mistika na Kichwamaji. Wanasoma wakitafuta dirisha la kuchungulia, na jina la kitabu limeshawaonya! Aliye ndani ya mzingile haoni ramani, anajua kona aliyopo tu. Picha zimo, ila hazitulii. Ukiishika moja imeshageuka nyingine. Sisemi haichoshi. Nagona iliyotangulia mwaka 1990 inachosha, tena sana. Lakini ukiacha kutazama ukaanza kufuata, wazo linatembea, na yule mtu wetu wa tatu yuko nyumbani kabisa.

Mimi mwenyewe, sura ya nne ya mswada wangu ina kijana anayewaza deni aliloachiwa na marehemu baba yake. Nimeshauriwa nimpe shati, dirisha, na kikombe cha kahawa. Kahawa! Deni lile halina rangi, lina uzito tu, na linaongezeka kila anapolihesabu. Anayetaka kunikosoa, karibu sana, anionyeshe mstari ambapo hesabu hiyo imemponyoka. Hapo nitakaa niandike upya.