Ukizima Chumvi, Umeizima na Dhahabu

Kosa ni lile lile, na kila aliyewahi kumtazama msakaji wa dhahabu wa Ruangwa au Nachingwea akiteremka pwani ya Lindi analijua. Ditekta yake ya metali iliyotulia kwenye udongo mwekundu wa bara inafika mchanga uliolowa maji ya bahari, inaanza kulia ovyo, na mwenyewe, badala ya kupunguza sensitiviti, anapandisha kichujio cha kukata sauti zisizotakiwa mpaka kimya kirudi. Kazi imekwisha hapo hapo. Atamaliza ufukwe mzima akiapa kwamba hapana kitu, kumbe ameiamuru mashine imfiche kile alichokifuata. Mashine ya masafa ya aina moja hupima jinsi mwitikio wa ardhini unavyochelewa. Chembe za chuma zilizomo udongoni hujibu upande mmoja. Maji ya chumvi, kwa kuwa hupitisha umeme kwa udhaifu, hujibu upande mwingine, pale pale zinapojibu hereni, mkufu mwembamba na karatasi ya alumini ya pakiti ya sigara. Kichujio hakijui thamani ya kitu. Ukikiambia kikate chumvi, kimekata na hereni.

Watetezi wa kichujio husema mashine inayolia kila hatua haisikiliziki. Ni kweli, lakini dawa yake ipo: shusha sensitiviti mpaka kelele iwe mnong'ono, inua koili kiasi cha vidole viwili, tembea sambamba na ukingo wa maji ili unyevu usibadilikebadilike. Utapoteza kina, lakini hiyo ni hasara unayoijua. Hasara ya kichujio huioni. Wenye mashine za mapigo, zile za machimbo ya dhahabu, hujibu kwamba wao chumvi haiwahusu. Inawahusu. Wakirefusha muda wa kusubiri ili chumvi ififie, mwitikio wa dhahabu nyembamba nao umeshafifia. Wamebadilisha kitufe tu, kosa ni moja.

Nimeshaandika, na nitarudia, kwamba mzizi wa maradhi haya ni hadithi za mali iliyozikwa na Mjerumani. Zimewafundisha watu kuabudu kina na kudharau sauti ndogo. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ilikuwepo kweli, lakini ilipigwa Tabora mwaka 1916, mbali na fukwe hizi. Kinachodondoka ufukweni ni vitu vidogo vya waogaji. Na ukikutana na sarafu ndogo ya shaba ya masultani wa Kilwa, hiyo ni ya kabla ya 1863, nayo inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hupaswi kuifukua wala kuiuza.

Tofauti na hao, Alexander Graham Bell, mwaka 1881, alipoitafuta kwa ditekta ya awali risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani akasumbuliwa na sauti asiyoielewa, hakuridhika mpaka alipouliza inatoka wapi. Ikabainika kitanda kilikuwa na waya za chuma. Hilo ndilo swali la fundi. Kampuni ya Fisher, iliyojenga ditekta ya CZ ya kilohezi 5 na 15, iliuliza swali hilo pia, na Bruce Candy wa kampuni ya Minelab, ambaye kazi yake ilizaa ditekta ya Excalibur, akalijibu vizuri kuliko wote: linganisha masafa kadhaa, chumvi na chuma cha ardhini vitengwe bila kukigusa kitu chenyewe. Mashine ile haikuwa na kioo cha kuvutia, lakini iliiheshimu bahari.

Kwenye utunzaji wa mashine sina neno kwa wasakaji: wanavua mfuniko wa koili, wanaosha kwa maji baridi yasiyo na presha, wanatoa betri, na kisanduku cha vidhibiti kisichozuia maji wanakifunga kwa plastiki. Lakini usafi wa mashine hauokoi uamuzi mbovu. Asiyemudu ditekta ya masafa mengi abaki kwenye mchanga mkavu, juu ya alama ya maji kujaa, ambako mashine yake ya Nachingwea inamtosha kabisa. Akishuka kwenye unyevu, basi avumilie kelele na akiache kichujio chini.