Kuipima Salvia Mbele ya Wajuzi

Mgeni anayehudhuria kwa mara ya kwanza mkutano wa wapenzi wa salvia, mathalan ule uliowakusanya wakulima na wataalamu katika bustani za Huntington, San Marino, California, mwaka 2013, aghalabu huyakimbilia maua yaliyopangwa mezani, akastaajabu kuwaona wajuzi wakisimama mbele ya meza zizo hizo wakiinamisha vyungu, wakigeuza majani na kunusa vidole vyao, kana kwamba maua hayapo. Si kwamba wanayadharau. Wanajua tu kuwa ua la salvia ni la siku chache, na kwamba muuzaji hodari aweza kuulazimisha kwa mbolea hata mmea dhaifu ukajipamba kwa siku ya mnada.

Salvia ni jenasi kubwa, yenye spishi zipatazo 1,000, nayo ni ya ukoo mmoja na mrehani: shina ni lile lile la pembe nne, na ua ni la midomo miwili. Basi mtu wa pwani aliyezoea kuchuma rehani za kikuba amekwisha kupata sehemu ya ilimu hii vidoleni mwake. Omba ruhusa kwanza, kisha fikicha jani moja taratibu, ungoje kidogo, ndipo unuse. Salvia elegans ya Mexico hunukia nanasi. Salvia clevelandii ya vilima vikavu vya California hunukia hata kabla ya kuguswa, jua likiipiga. Ikiwa mmea wa namna hii umenyweshwa kupita kiasi kivulini, jani huwa pana na la kupendeza, walakini harufu imefifia, na jani hilo ndilo limuumbualo mkulima.

Lililo muhimu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kikombe kinacholishika ua. Salvia leucantha, ambayo watu huisifia zambarau yake, ua lake lenyewe kwa asili ni jeupe, dogo, nalo huanguka upesi. Zambarau ile ni ya kikombe, kilichofunikwa vinyweleo laini kama mahameli, nacho hubaki katika shuke majuma mengi baada ya ua kupukutika. Kadhalika 'Black and Blue', aina ya Salvia guaranitica, isingekuwa na haiba hata nusu lau kikombe chake kingekuwa kijani badala ya kuwa cheusi chini ya ua la buluu iliyokoza. Kwa hiyo tazama shuke kuanzia chini, mahali ambapo maua yamekwisha kuanguka: vikombe vikiwa vimenyauka na kuwa hudhurungi ilhali ncha bado inachanua, mmea huo utaonekana mchafu kwa sehemu kubwa ya msimu.

Ndani ya koo la ua mna stameni mbili zilizoundwa kwa namna ya wenzo. Nyuki akiifuata nekta huusukuma, nazo humwinamia na kumpaka chavua mgongoni, hikima ambayo Mjerumani Christian Konrad Sprengel aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1793. Twaa unyasi mwembamba uuingize polepole katika ua la Salvia pratensis ya mbuga za Ulaya: likiwa bado bichi, ncha mbili zitashuka na kuacha vumbi la manjano juu ya unyasi. Katika salvia nyingi zinazohudumiwa na ndege, wenzo huo haufanyi kazi, hivyo usizihukumu kwa jaribio hili.

Wala usiikatae salvia iitwayo 'Hot Lips' kwa sababu leo maua yake ni mekundu matupu na jana yalikuwa mekundu kwa meupe. Joto huyabadili, na mmea ni ule ule. Ila mizizi haina udhuru: ikiwa imejizungusha chunguni mara nyingi, au chini ya majani mna nzi weupe, rudisha chungu mezani, hata kama jina lake ni la fahari.

Kuhusu Salvia splendens ya Brazili, iliyopunguzwa kimo na wazalishaji hata ikawa ya shubiri moja, nyekundu tupu, ya kupanga safu kandokando ya bendera, sina la kuisifu. Mwituni hufikia kifua cha mtu, na huko ndiko iliko heshima yake.

Milima yetu pia ina salvia zake, Salvia nilotica na Salvia merjamie, zinazoota nyanda za juu za Kenya na Tanzania, nazo zastahili kutazamwa kwa mizani hii hii. Ama wewe msomaji wa Lushoto au Limuru unayetaka kuanza, omba kwa jirani kijiti cha leucantha kisicho na ua, cha urefu wa kidole, ukikate chini kidogo ya kifundo, uondoe majani ya chini na kukichomeka mchangani penye kivuli. Na ukienda kununua, chagua chungu chenye maua machache kuliko vyote.